Makazi Yaliyokataa Kufungwa

Mfugaji wa Bukundi aliyeona malisho ya Meatu yamebanwa kati ya mashamba ya pamba na mapori ya akiba alikuwa na njia moja iliyozoeleka tangu enzi za wazee wake: kuswaga ng'ombe kuelekea kusini. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma wengi walishuka hivyo kutoka Shinyanga ya wakati ule, ambayo Meatu na Bariadi zilikuwa ndani yake hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Baadhi waliishia Tabora, wengine wakasonga hadi kwenye miombo ya Mpanda, mkoani Rukwa kwa wakati huo. Huko walikuta majirani ambao nao walikuwa wageni, ila wageni wa namna nyingine. Walikuwa Warundi walioletwa kwa malori, wakapimiwa viwanja, wakapewa majembe na mbegu, kisha wakaambiwa wasitoke nje ya mpaka wa makazi bila karatasi yenye muhuri wa mkuu wa makazi. Msukuma alihama na mifugo yake na kuhesabiwa kuwa mwenyeji popote alipofika. Mrundi alikaa pale pale kwa zaidi ya miaka thelathini, akalima, akauza mazao mjini, na bado daftari la serikali lilimwandika mgeni wa muda.

Historia ya majirani hao ni miongoni mwa historia ndefu zaidi za wakimbizi nchini mwetu, na ni historia ya fedha vilevile: fedha za kuwaweka, za kuwarudisha, za kuwapeleka ng'ambo, na za kuwatawanya. Si zote zilizoahidiwa zilifika. Kwa maoni yangu, zile ambazo hazikufika ndizo zilizowafaa zaidi, nami nitaeleza kwa nini.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi wa Wahutu ulilipuka kusini mwa Burundi, katika Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu za Bururi. Waasi waliwaua Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, yakianza na Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, mapadri na askari. Makadirio mengi yanataja waliouawa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Waliopona walikimbilia Rwanda na Zaire, lakini wengi zaidi walivuka kuja Tanzania, kwa mitumbwi au kwa miguu kupitia Kigoma.

Tanzania haikuwa ngeni kwa jambo hilo. Watutsi wa Rwanda walikuwa wameshafika Ngara na Karagwe mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengine waliokuwa Kivu waliletwa kwa ndege kutoka Goma hadi Tabora, kisha wakapandishwa milima ya Mwesi huko Mpanda. Kwa ajili yao makanisa ya Kilutheri duniani yalianzisha mwaka 1964 shirika la TCRS, na hapo ukazaliwa utaratibu wa pande tatu ambao wageni wengi walikuja kujifunza. Serikali ilitoa ardhi na watawala, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, yaani UNHCR, likatafuta fedha, na TCRS ikapasua barabara, ikachimba visima, ikajenga zahanati na shule. Warundi walipofika, utaratibu ulikuwa tayari. Ulyankulu ilifunguliwa mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba huko Mpanda mwaka 1973. Ilipobainika kwamba maji na udongo wa Ulyankulu haviwezi kubeba watu wote waliorundikwa pale, makazi ya tatu, Mishamo, yalifunguliwa mwaka 1978 na maelfu wakahamishwa tena.

Kila kaya ilipimiwa kama hekta 5. Mishamo yenyewe iligawanywa katika vijiji 16, nyumba zikipangwa kandokando ya barabara na mashamba nyuma yake. Aliyepita Usukuma wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974 angeitambua ramani hiyo mara moja, kwa sababu serikali ile ile, kwa fikra ile ile ya kuwaweka watu pamoja ili wafikiwe na maji, shule na chama, ilikuwa ikiwapanga raia wake kwenye mistari kama ile. Tofauti ilikuwa kwamba mwanakijiji wa ujamaa wa Meatu, operesheni ilipopoa, aliweza kurudi taratibu kwenye mbuga yake ya zamani. Mkazi wa Mishamo hakuwa na mbuga ya kurudia.

Ardhi ilifanya kazi yake. Baada ya mavuno machache mgawo wa chakula ulikoma, na muhogo, mahindi, maharage na tumbaku vikaanza kutoka kwenye makazi kwenda sokoni. Kufikia mwaka 1985, Mishamo ilipokabidhiwa rasmi kwa serikali, UNHCR ilikuwa imekwisha kujiondoa katika uendeshaji wa kila siku, na wakazi walikuwa wakilipa kodi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, heshima ya juu kabisa ya kimataifa katika kazi ya wakimbizi. Kabla ya hapo, Mei 1979, Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu juu ya wakimbizi wa Afrika, na matunda yake yalikuwa mikutano miwili mikubwa ya uchangishaji huko Geneva. Ule wa Aprili 1981 ulikusanya ahadi za takriban dola milioni 560 za Marekani. Ule wa Julai 1984 ulijaribu jambo gumu zaidi, yaani kuunganisha msaada wa wakimbizi na maendeleo ya maeneo yaliyowapokea, ili shule ya mkimbizi iwe pia shule ya mwenyeji. Mwaka huo huo njaa ya Ethiopia ilivuta macho na mifuko ya dunia, na wazo hilo likalala. Tutalikuta tena baadaye likiwa na jina jipya.

Makazi hayakuwa mahali pa kulima tu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alikuta watu wanaosimulia kwa makini yaliyowapata, wakijiona taifa lililo uhamishoni na kuichukulia hali ya ukimbizi kama kitu cha kulindwa. Ni Mishamo hiyo hiyo ambako Rémy Gahutu alianzisha Palipehutu, chama cha ukombozi wa Wahutu, mwaka 1980. Afisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani aliyekuwa akisoma taarifa hizo Dar es Salaam alijifunza somo moja ambalo halikusahaulika wizarani: Warundi wengi mahali pamoja ni siasa. Somo hilo litarudi kuwadai wajukuu wao.

Miaka ya 1990 ilibadili hewa yote. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa kidemokrasia, aliuawa Oktoba 1993 na wimbi jipya likamiminika Kigoma na Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, na Benaco huko Ngara ikawa mji wa mahema uliotangazwa duniani kote. Hawa wapya hawakupimiwa hekta yoyote. Waliwekwa kambini, wakalishwa kwa mgawo, na Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kwa kusukumwa na jeshi, huku UNHCR ikishirikiana na serikali, jambo lililoitia doa kwa miaka. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliyafanya makambi kuwa kanuni. Ule ukarimu wa hekta 5 ulikuwa umekwisha, na watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambao hawakuwa wamegusa mgawo kwa miaka kumi na zaidi, walijikuta wakihesabiwa kundi moja na waliofika jana.

Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, Nelson Mandela akiwa msuluhishi baada ya kifo cha Nyerere. Uchaguzi wa 2005 ulimweka madarakani Pierre Nkurunziza, na misafara ya kurudi kutoka makambi ya Kigoma ikaongezeka. Hapo ndipo serikali mbili na UNHCR zilipogeukia watu wa 1972. Mwaka 2007 walihesabiwa: zaidi ya 218,000 katika makazi matatu, na idadi kubwa walikuwa wamezaliwa Tanzania. Kila mtu mzima aliulizwa swali ambalo wakimbizi huulizwa kwa nadra: unataka nini? Mmoja kati ya watano alisema anataka kurudi. Wanne waliobaki walisema wanataka uraia.

Desemba 2007 ulipitishwa mkakati uliokuja kujulikana kwa kifupi cha TANCOSS. Ulikuwa na miguu mitatu: warudi wanaotaka, waombe uraia wa tajnisi wanaobaki, kisha hao wapya wahamishwe kutoka kwenye makazi na kutawanywa nchini, ili makazi yafungwe. Wahisani walifurahi. Ilikuwa nadra sana serikali kutoa uraia kwa kundi kubwa namna hiyo la wakimbizi kwa mara moja. Mfano wa karibu ulikuwa wa Tanzania yenyewe, ilipoamua mwaka 1980 kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000. Ada ya tajnisi, ambayo kwa mgeni wa kawaida ilikuwa mamia ya dola, ilipunguzwa sana, na UNHCR ikailipa. Makarani wakapiga kambi kwenye makazi wakijaza mafomu ya familia moja baada ya nyingine.

Waliorudi walianza safari mapema 2008, kwa treni na magari kupitia Kigoma. Kufikia mwisho wa zoezi walikuwa kama 53,000, zaidi ya wale waliojiandikisha hapo mwanzo. Fedha za safari zilipatikana. Sehemu ngumu ilianza gari liliposhusha mizigo. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa wa watu barani Afrika, na mashamba yaliyoachwa 1972 hayakubaki mapori. Rumonge na Nyanza-Lac, ardhi yenye rutuba ya ufukwe wa ziwa, ilikuwa imegawiwa watu wengine na serikali zilizopita, na sehemu ikageuzwa mashamba ya michikichi. Sheria ya nchi ilimlinda mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 30 bila kudaiwa. Mzee aliyerudi akionyesha mwembe alioupanda baba yake alijibiwa kwa hati iliyotolewa na ofisi halali, na aliyejibu mara nyingi naye alikuwa Mhutu, jirani wa kabila lile lile, ambaye ama alinunua ama alizaliwa pale.

Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliyoundwa 2006, mwanzoni ilihimiza pande mbili zigawane shamba nusu kwa nusu. Chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire ikageuka, ikaanza kuwarudishia waliotoka ukimbizini ardhi yote, na hasira ikahama upande wa pili. Wasiokumbuka hata kilima walikotoka walijengewa vijiji vya amani, nyumba za bati zilizopangwa kwa mistari, kwa fedha za UNHCR na wahisani wengine. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Kujenga Amani ulikuwa umeitengea Burundi dola milioni 35 mwaka 2007, nchi hiyo na Sierra Leone zikiwa za kwanza kunufaika. Nyumba zilisimama. Mashamba ya kuzizunguka yalikuwa haba, na watoto waliosoma Kiswahili tangu darasa la kwanza waliingizwa kwenye shule za Kirundi na Kifaransa, wakachekwa kwamba ni Watanzania. Mtu aliyeacha hekta 5 Mishamo akapata nyumba isiyo na shamba alikuwa amerudi nyumbani kwa mujibu wa takwimu za Geneva. Mimi ningesita kuiita hiyo suluhisho la kudumu.

Kundi la tatu, mbali na waliorudi na walioomba uraia, lilikuwa dogo na lilitoka makambini, si kwenye makazi. Kulikuwa na Warundi wa 1972 waliokimbilia kwanza Rwanda au Zaire, vita vya miaka ya 1990 vikawafukuza huko nako, wakaangukia kambi za Kigoma na Kagera. Hawakuwa na shamba popote wala kumbukumbu ya Burundi, na Marekani ilikubali kuwachukua kama kundi. Kuanzia 2007 zaidi ya 8,000 walisafirishwa hadi miji ya Marekani. Wengi wetu hudhani safari kama hiyo ni zawadi. Tiketi za ndege hutolewa kwa mkopo usio na riba kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na familia huanza kuurejesha miezi michache tu baada ya kufika, ikiwa bado inajifunza kupanda basi. Kadiri watoto walivyo wengi ndivyo deni linavyokuwa kubwa, na marejesho husaidia kugharamia tiketi za wakimbizi wanaofuata. Kwa hiyo katika orodha ndefu ya wafadhili wa uhamisho wa wakimbizi duniani, ambayo kwa kawaida huanza na Washington, Brussels na Tokyo, wakimbizi wenyewe wamo, ingawa majina yao hayachapishwi kwenye mabango ya miradi.

Turudi kwa wale wanne kati ya watano. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba maombi ya zaidi ya watu 162,000 yamekubaliwa, na António Guterres, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa UNHCR wakati huo, aliisifu Tanzania kwa tendo hilo. Lakini cheti cha uraia hakikutolewa. Kwanza ilibidi mtu aukane uraia wa Burundi, jambo lililofanyika kwa urahisi. Pili ilibidi ahame. Mpango wa utangamano ulitaka watawanywe katika mikoa 16 nchini, na gharama yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 100. Lile somo la Palipehutu lilikuwa limegeuka kuwa bajeti.

Kwa zaidi ya miaka minne watu hao walining'inia. Hawakuwa Warundi tena, kwa kuwa walikwisha kuukana uraia huo, na hawakuwa Watanzania kamili, kwa kuwa hawakuwa na cheti. Uchaguzi wa 2010 uliwapita. Kwa kuwa makazi yalitarajiwa kufungwa, hapakuwa na sababu ya kukarabati zahanati wala darasa, na mkulima aliyeambiwa atahama wakati wowote alisita kupanda mwembe au kuezeka upya. Mikoa iliyotajwa kuwapokea nayo iliuliza, na ilikuwa na haki ya kuuliza: ardhi ipi? Nani atajenga shule? Wakimbizi waliohojiwa na watafiti wa shirika la kutetea haki zao walijibu kwa namna mbalimbali, ila hoja ilikuwa moja: makaburi ya wazazi wetu yako hapa, mashamba yako hapa, majirani wanatujua, mnatupeleka kwa nani?

Na hapo fedha zikakwama. Wahisani waliokuwa wepesi kugharamia misafara ya kwenda Burundi walisita kulipia kuwahamisha watu waliokuwa tayari wanajilisha, kuwatoa penye shule na kuwapeleka pasipo na shule. Ahadi zilizokusanywa zilikuwa mbali na gharama iliyohitajika. Mwaka 2011 uhamisho ukasimamishwa. Taarifa nyingi za mashirika zinakieleza kipindi hiki kama kushindwa kwa jumuiya ya kimataifa kubeba mzigo wake, na kweli ahadi ilikuwa imetolewa. Lakini tufikiri kidogo: kama dola zile milioni 100 zingefika zote kwa wakati, malori yangekuja. Watu zaidi ya 160,000 wangeng'olewa kwenye mashamba yaliyokuwa yakiwalisha kwa karibu miaka 40, wakamwagwa kwa mafungu katika wilaya ambazo hazikuwaomba, na mtu fulani angeandika kwamba mradi umefaulu. Upungufu wa fedha ulifanya kile ambacho hoja za watafiti na malalamiko ya wakazi hayakuweza kufanya peke yake. Uliilazimisha serikali iangalie upya sharti lake.

Serikali ililegeza. Sharti la kuhama likaachwa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kukabidhi vyeti. Mwaka uliofuata Ulyankulu ilikuwa jimbo la uchaguzi. Makazi yaliyotakiwa kufutwa kwenye ramani yalikuwa yametoa wapiga kura.

Cheti cha uraia, hata hivyo, hakikuja na hati ya shamba. Ardhi ya makazi ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wakimbizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa miaka kadhaa baada ya 2014 iliendelea kutawaliwa hivyo, wakati wakazi wake si wakimbizi tena. Halmashauri za Kaliua, Nsimbo na Mpanda zilirithi maswali ambayo raia wengine huyamaliza kwenye mkutano wa kijiji: mpaka uko wapi, nani anagawa, mfugaji aliyeingia na ng'ombe kutoka Usukuma anashitakiwa kwa nani. Mipango ya fedha haikuwa na fungu la mambo hayo. Treni ya watu 500 huhesabika na hupigwa picha. Mpaka wa kijiji uliopimwa vizuri hauonekani kwenye picha yoyote.

Vyeti vilipokuwa bado vinagawiwa, Burundi iliwaka tena. Aprili 2015 Nkurunziza alitangazwa mgombea wa muhula wa tatu, na Warundi wakajaa Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Lile wazo la Geneva la 1984, la kuunganisha wakimbizi na maendeleo ya wenyeji, lilirudi likiwa mpango wa kimataifa wa mwitikio wa kina, na Tanzania ilikubali kuwa miongoni mwa nchi za majaribio. Mwanzoni mwa 2018 Rais John Magufuli aliitoa nchi ndani yake, sababu zilizotajwa zikiwa usalama na fedha. Benki ya Dunia ilikuwa ikizungumzia dola milioni 100, sehemu yake ikiwa mkopo, na serikali haikuona kwa nini mlipa kodi wa Tanzania akope ili kuwahudumia watu ambao dunia nzima inasema ni jukumu la wote. Hoja hiyo siwezi kuibeza. Naikosoa kwa jambo moja tu: haikuhesabu mapato. Fedha za miaka ya 1970 zilizotumika kupima hekta 5, kuchimba visima na kugawa mbegu zilimaliza mgawo ndani ya miaka michache na zikaacha walipa kodi. Waliofika 2015 hawakupewa jembe. Waliwekewa kikomo cha kilomita 4 kutoka kambini na kulishwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo lilikata mgawo kila maombi yake ya fedha yalipopungukiwa. Misafara ya kuwarudisha Burundi ilianza Septemba 2017, na gharama zake zililipwa.